Naomba ushauri: kazini nalazimishwa kuvunja Sabato

Wapendwa, poleni na majukumu. Mimi ni Msabato, mtumishi wa umma hapa Tanzania. Mkuu wetu mpya ameagiza tuwe ofisini kila Jumamosi. Nimeomba nifidie Jumapili, au hata usiku baada ya jua kuzama. Amekataa, na sasa nina barua yenye muhuri inayonitaka nijieleze kwa maandishi.

Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa kuabudu. Warumi 13 inataka nitii mamlaka, Matendo 5:29 inataka nimtii Mungu kwanza. Sabato siiachi, hilo nimeshaamua. Lakini nina watoto wanaosoma.

Mliopitia haya, mlijibuje barua bila kuonekana wakaidi? Nianzie kwa mchungaji, chama cha wafanyakazi au mwanasheria?