Heda za C ndani ya asembli: kizuizi, kugawa faili, au kuzalisha ofseti?

BitiMoja
Habari za jioni wakuu. Nina maktaba ndogo ya C inayohamisha prosesa kutoka kazi moja kwenda nyingine, kwenye RISC-V (aina ya prosesa) ya biti 32. Heda yake (faili la matamko linaloingizwa kwenye mafaili mengine), `kazi.h`, ina namba za makosa, anwani za rejista, strakti moja (kundi la data zinazokaa pamoja) na matamko ya funksheni. Sasa `badili.S`, faili langu la asembli, nayo inaihitaji, na nikiiingiza asembla (programu inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine) inagoma kwenye `typedef` ya kwanza tu. Naona njia tatu: nizungushie sehemu za C kwa `#ifndef __ASSEMBLER__`, nihamishie namba tupu kwenye heda yake, au ofseti (umbali wa kila sehemu kutoka mwanzo wa strakti) zizalishwe na kompaila. Nyie mnatumia ipi?

Fundi_Rejista
Anza na kizuizi. GCC na Clang hutangaza `__ASSEMBLER__` zenyewe zinaposhughulikia faili la `.S`, hugusi Makefile (faili la maagizo ya ujenzi). Hakikisha tu S ni kubwa. Faili la `.s` halipiti kwenye priprosesa (hatua ya awali inayotekeleza `#include`, `#define` na `#ifndef`), na kwa asembla ya RISC-V alama ya `#` huanzisha maoni, kwa hiyo `#include` yako itarukwa kimyakimya.

Ukinakili heda kutoka Linux, angalia jina. Kwa miaka mingi wao wametumia `__ASSEMBLY__`, ambalo hupitishwa kwa `-D` (chaguo la kompaila la kutangaza jina) wakati wa kujenga. FreeBSD hutumia `LOCORE`. Ukilibeba jina bila ile `-D`, kizuizi hakizuii chochote.

Pwani32
Kizuizi peke yake hakitoshi, mkuu. `#define SAA_HZ 10000000UL` iko nje ya kizuizi, na matoleo ya zamani ya asembla ya GNU huikataa hiyo `UL`. Linux wana makro `_AC(10000000, UL)`: upande wa C inabandika kiambishi, upande wa asembli inabaki namba tupu. Iige. Namba zenye kasti (kulazimisha aina ya data) kama `((uint32_t)0x80)` ondoa kasti, asembla haijui aina za C.

Na namba za makosa, kama ziko kwenye `enum`, zihamishie kwenye `#define`. Priprosesa haizioni thamani za `enum`.

Mwanakompaila
Mnazungumzia namba, lakini hatari yenyewe iko kwenye strakti. Kwenye mradi mmoja tuliandika `lw sp, 0(a0)` kwa mkono, yaani soma `sp` (kielekezi cha steki) kutoka ofseti 0 ya strakti. Mwenzetu akaongeza `uint32_t` moja mwanzoni mwa strakti, `sp` ikasogea hadi 4. C ikajengeka vizuri, asembli ikajengeka vizuri, bodi ikaganda mara ya kwanza ilipobadilisha kazi. Siku mbili tulikuwa tunashuku umeme.

Ndiyo maana Linux wana `asm-offsets.c`. Faili hilo hukompailiwa hadi kwenye asembli tu, haliendeshwi kamwe, kisha `sed` (programu ya kuhariri matini) huchomoa zile ofseti na kuandika heda. Kwa kuwa haliendeshwi, linafanya kazi hata unapojenga kwenye laptopu programu ya bodi nyingine.

Fundi_Rejista
Hiyo nakubali kwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kama Linux. Kwa strakti moja ni mzigo. Aandike `#define KAZI_SP 0`, halafu kwenye faili la C:

`_Static_assert(offsetof(struct kazi, sp) == KAZI_SP, "KAZI_SP");`

C11 inatosha. Mtu akigusa strakti, ujenzi unakwama hapohapo.

Mwanakompaila
Sawa, mradi kila ofseti iwe na mstari wake. Utakaousahau ndio utakaokuumiza. Zikizidi kumi, zalisha.

BitiMoja
Asanteni sana. Namba nimezihamishia `kazi_namba.h`, kizuizi kiko kwenye `kazi.h`, na kila ofseti ina `_Static_assert` yake. Ujenzi wa kwanza ulikwama: `KAZI_RA` (ofseti ya `ra`, anwani ya kurudia) niliandika 8, kumbe iko 12, kwa sababu nilisahau sehemu ya kipaumbele. `badili.S` ingekuwa inasoma kipaumbele cha kazi kama anwani ya kurudia.