Mjadala: Kampuni ikiharibu, mwenye hisa naye abebe lawama?

Wakuu, kuna hoja inapendwa sana: mwanahisa yake ni gawio (mgao wa faida), makosa ya kampuni waulizwe mameneja. Naipinga, na kisa changu ni kampuni ya madini ya Rio Tinto.

Mei 2020 kampuni hiyo ililipua mapango ya Juukan Gorge, Pilbara, magharibi mwa Australia, ipate madini ya chuma. Binadamu wametumia mapango yale tangu miaka 46,000 iliyopita. Ndani yake kuliwahi kupatikana kipande cha mkanda wa nywele zilizosukwa, cha miaka kama 4,000, na vinasaba vikaonyesha ni nywele za wahenga wa wenyeji hawahawa wa leo, Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Kibali cha serikali kilikuwepo. Kwa sheria ya wakati ule, hakuna wa kumshika.

Bodi ikajichunguza yenyewe (kesi ya nyani hiyo), na Agosti ikakata bonasi za vigogo watatu, basi. Mifuko ya pensheni ya Australia, yenye hisa humo, ikaja juu. Haukupita mwezi, vigogo hao watatu, mkurugenzi mtendaji Jean-Sébastien Jacques na wenzake wawili, wakatangazwa kuondoka. Machi 2021 mwenyekiti Simon Thompson naye akasema hatagombea tena.

Sasa, mwenye ubavu wa kumng'oa bosi kwa wiki chache, kabla ya baruti alikuwa wapi? Akipokea gawio.

*Jibu kutoka Nairobi:*
Ndugu, unawakweza mno wanahisa. Mkutano mkuu wa 2021, zaidi ya asilimia 60 ya kura zilikataa ripoti ya malipo ya wakubwa. Jacques alirudisha hata senti? Kura ile ni ya ushauri tu. Na mwenye hisa 200 atamtisha nani? Huku kwetu mikutano mikuu ilikuwa watu kuulizia mwavuli na chakula cha mchana.

*Mleta mada:*
Mwenye hisa 200 mwache ale. Mimi nausema mfuko unaokata mshahara wako kila mwezi na kwenda kununua hisa. Pesa yako, kura anapiga mwingine. Umewahi kuambiwa alipigaje? Mifuko ya pensheni, NSSF ya kwenu na ya kwetu Tanzania, na PSSSF ya watumishi wa umma, itangaze kura zake baada ya kila mkutano mkuu. Anayeona haiwezekani aseme ni kwa nini.