Tumekatwa nusu ya malipo kwa sababu kolabo ya Elton John na Dua Lipa "haikutoka kama ya kwenye simu"

Wanajamvi, salaam. Naandika na hasira, kwa hivyo mniwie radhi mapema. Asiyependa nyuzi ndefu apite zake.

Mimi ni mpiga kinanda. Bendi yetu hupiga mahotelini, Nyali, Bamburi mpaka Shanzu, na msimu ukichangamka twafika Mtwapa. Hoteli yenyewe siitaji. Meneja wake wa burudani akipita hapa atajijua.

Mambo yalivyokuwa ni hivi. Hoteli ilikuwa na kundi la wageni wa Uingereza, karamu ya usiku kando ya bwawa. Meneja akatutumia orodha ya nyimbo kwa WhatsApp na kiasi atakacholipa. Nyimbo nyingi zilikuwa zile zile ambazo kila bendi ya hoteli inazo. Chini kabisa kaandika kwa herufi kubwa: COLD HEART, KAMA ILIVYO, yaani hiyo kolabo ya Elton na Dua. Sawa. Tukafanya mazoezi, kaka yetu akachukua sehemu za Elton, dada yetu akachukua za Dua. Usiku ukafika tukaupiga, na wageni wawili watatu walishainuka kucheza. Tulipopita tu kiitikio cha pili, nikaona meneja anamwashiria kijana wa mitambo. Kinanda changu kikazimwa kwenye miksa. Halafu wimbo ukaingia kutoka kwa laptopu, sauti juu, sisi tumesimama na vyombo mikononi kama watu waliokosea arusi. Dada akapigiwa ishara aendelee kuchezesha mdomo. Akaweka mikrofoni juu ya spika, taratibu kabisa, akashuka akaenda kukaa na wapishi.

Asubuhi pesa zikaingia kwa M-Pesa. Nusu.

Nikampigia.

"Mzee wangu, wageni walitaka ule wimbo. Nyinyi mlinipa mwingine."

"Bosi, maneno ni yale yale, sauti ni mbili vile vile, ya kiume na ya kike. Mwingine upi?"

"Haukutoka kama wa kwenye simu. Skiza mwenyewe."

Nikamwambia nimeuskiza kabla yake. Akakata.

Basi tuuskize pamoja, maana naona hata wanamuziki wenzangu hawajui kilichomo ndani ya ule wimbo, na mameneja ndio kabisa. Ulitoka Agosti 2021. Majina yaliyo mbele ni Elton John na Dua Lipa, lakini walioupika ni Pnau, watu watatu wa Australia. Wamechukua beti za "Sacrifice" ya 1989. Kiitikio wamekitoa kwenye "Rocket Man" ya 1972, ndicho anachoimba Dua. Kuna kipande cha "Kiss the Bride" ya 1983, na kile kijineno cha "shoorah" kinachojirudia kimetoka kwenye wimbo wa 1976 ambao nina hakika meneja wetu hajawahi kuusikia. Nyimbo nne za miaka tofauti, zote muziki wa Elton na maneno ya Bernie Taupin, zimekatwakatwa zikawekwa juu ya mdundo mmoja wa disko. Dua amezaliwa 1995. "Rocket Man" ilikuwa na miaka 23 tayari.

Na Pnau hawakuanza jana. Mwaka 2012 walikuwa wameshatoa albamu nzima na Elton, kazi hiyo hiyo ya kuchukua rekodi zake za zamani na kuzigeuza, na ikashika namba moja Uingereza. Kwa hivyo "kama ilivyo" ya meneja ni kazi ya mafundi ambao tayari walikuwa wanazijua nyimbo za yule mzee nje ndani. Sisi tulipewa siku chache na spika mbili.

Hizo spika nazo nizisemee. Moja imeliwa na chumvi ya bahari, ukipandisha besi inakoroma. Mdundo wa ule wimbo ni ngoma ya mguu inayopiga kila kipigo, 116 kwa dakika, haipumziki. Studioni fundi hupanga kila ngoma hiyo ikipiga sauti nyingine zishuke kidogo kisha zipande tena, ndio maana muziki wa kudansi unasikika kama unapumua. Kila sauti imesafishwa peke yake. Pumzi ya mwimbaji ikizidi, inafutwa. Neno likichelewa, linasogezwa. Hakuna kosa kwa hayo, ndiyo kazi yao, na mimi huo wimbo naupenda. Lakini kumtaka mpiga dramu wangu, anayetoka jasho kwenye unyevu wa Machi, atoe sauti hiyo hiyo ni kumwendea mama wa viazi karai ukamnunia kwa sababu vyake havifanani na picha ya kwenye bango.

Tulichofanya sisi: dramu ilishika ile ngoma moja moja bila mbwembwe, besi ikajibu katikati ya vipigo, mimi nikaweka sauti za nyuzi za kinanda kwa mkono wa kushoto na piano kwa wa kulia. Tukashusha wimbo kidogo kwa ajili ya kaka yetu, sauti yake ni nzito na beti za "Sacrifice" zinataka mtu asiyejikaza. Dada akaingia na kiitikio peke yake mara ya kwanza, mara ya pili sote tukamwitikia. Kile kijineno tulikiacha kwa wageni, na walishaanza kukiimba! Walikuwa wanaimba jamani. Ndipo laptopu ilipoingia, wakanyamaza wote kuangalia kumetokea nini.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata pesa. Pesa nitarudi kwazo.

Sisi watu wa Mombasa tangu lini tumetaka mwimbaji afanane na kanda? Wazee wetu walikuwa wakienda Mbwana Radio kule Mji wa Kale kununua kanda za taarabu zilizorekodiwa arusini, moja kwa moja, na makelele ya watu ndani yake. Mtu ana wimbo wa Juma Bhalo tayari nyumbani na bado ananunua kanda nyingine yenye wimbo huo huo, kwa sababu usiku ule wa pili aliuimba vingine. Maulidi Juma na Zuhura Swaleh wakiwa jukwaa moja, nani angesimama kuwaambia "haikutoka kama juzi"? Angetolewa nje na kina mama.

Na wenyewe wenye wimbo? Novemba 2022 Elton alimalizia shoo zake za Marekani pale Dodger Stadium, Los Angeles. Dua Lipa akatoka jukwaani mwenyewe kwa miguu yake wakauimba pamoja, mzee wa miaka 75 na binti wa 27. Hakuna aliyedai arudishiwe tiketi.

Kuna jambo jingine meneja yule hakumbuki, maana wakati huo alikuwa Nairobi. Ule wimbo ni wa wakati wa korona. Elton alikuwa kwenye ziara yake ya kuaga, korona ikaisimamisha, akaingia studioni na wasanii tofauti tofauti, albamu ikatoka Oktoba 2021. Sisi huku? Ndege za kigeni zilisimamishwa Machi 2020. Kafyu ikaanza mwisho wa mwezi huo huo. Aprili tukafungiwa, hakuna kuingia Mombasa wala kutoka, mpaka Julai. Mahoteli yakafunga milango. Wapiga magitaa niliowajua wakaingia kwenye tuktuk, mmoja aliuza dramu zake kipande kipande, na mpaka leo hajanunua nyingine. Hata watu waliporudi hotelini, kafyu ilikuwa bado ipo, na bendi ya usiku bila usiku ni nini? Iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. "Cold Heart" ilifika namba moja Uingereza mwezi huo huo. Kwa hivyo sisi tuliorudi kazini ule wimbo tulikutana nao mlangoni, kila mgeni anautaka, na tukajifunza wenyewe kwa masikio, bila mtu kutulipa mazoezi.

Wakati huo tulikuwa tunaupiga na hakuna meneja aliyelalamika. Walikuwa wanashukuru kuna bendi.

Sasa nije kwa wenzangu, na hapa najua nitatukanwa. Hii tabia imeletwa na baadhi yetu. Kuna bendi zinakubali kusimama jukwaani na magitaa ambayo hayajachomekwa popote, flashi inaimba, wao wanatabasamu. Wanakubali kwa bei ya chini kwa sababu hakuna mazoezi, hakuna kubeba vyombo kwa pikapu, na hata wakija wawili watatu yatosha. Meneja akishaonja hapo, akirudi kwenye bendi ya kweli anaona anaibiwa. Anakuambia "mbona wale wanatoka safi?" Wanatoka safi kwa sababu wale ni Elton na Dua, mwanangu! Unamlipa kijana wa Kisauni amuigize Mwingereza mdomo, na yule Mwingereza hajui hata kama wewe upo.

Tena Pwani hii hii ndiyo iliyotoa Them Mushrooms. Bendi ya hapa, ikipigia watalii, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikatoa "Jambo Bwana", na 1983 Boney M, kundi la disko la Ulaya, wakaurekodi wao. Hao walikuwa wanapiga wenyewe, mbele ya wageni hao hao, kwenye upepo huu huu wa bahari. Leo wimbo wao ukiombwa mezani unachezwa kutoka kwenye simu na mpishi.

NYONGEZA, saa mbili usiku. Nimeona majibu, nijibu machache.

Aliyesema "mteja ni mfalme": mteja alikuwa anaimba na sisi. Aliyekasirika ni meneja. Usinichanganyie watu.

Aliyeuliza kwa nini hatutumii mdundo wa kompyuta nyuma kisha tukaimba juu yake: tunatumia, kwenye nyimbo zinazohitaji, na tunasema mapema. Mwimbaji akiimba kwa sauti yake juu ya mdundo sina neno naye, jasho lake analitoa. Huyu bwana alitaka tufungue midomo tu. Hayo ni mambo mawili, na bei zake mbili.

Dada uliyesema mwimbaji wetu angevumilia tu kwa sababu kazi ni chache: umesema kweli kuhusu kazi. Lakini yeye ana wanawe wanaomuona kwenye simu za watu. Kuna mgeni alikuwa anarekodi tangu mwanzo. Ile video ipo, inamuonyesha anaimba, kisha sauti inageuka ghafla kuwa ya Dua Lipa na mdomo wake umefungwa. Ameitazama mara moja tu, akanirudishia simu.

Na wewe unayesema nitaje jina la hoteli "ili tuigomee": hapana. Kuna wahudumu mle ndani hawana kosa.

Pesa sasa. Nimemwandikia meneja mara mbili, kwa adabu, nikimuomba nusu iliyobaki. Ya kwanza alisoma akanyamaza. Ya pili akajibu kwamba tulipewa "kulingana na kazi iliyofanyika". Kazi ilikuwa nyimbo za muda wa saa tatu. Tulipiga zote isipokuwa huo mmoja aliouzima yeye. Hata kwa hesabu yake ya kukata, angekata wimbo mmoja, si nusu ya usiku, na chakula cha bendi alichoahidi nacho tulikikuta kimeshafunikwa.

Nimeshauriwa niende Mahakama ya Madai Madogo. Nilivyoelezwa, inachukua madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na si lazima uwe na wakili, kwa hivyo yetu inaingia bila shida. Mwenzangu wa besi anaogopa kwamba tukishtaki hakuna hoteli itakayotuita tena, na simlaumu, ana karo ya shule mbele yake. Mimi nakwenda hata kama ni peke yangu.

Ninachohitaji kwenu ni hiki. Hatukusaini karatasi yoyote. Kuna ile WhatsApp tu, yenye orodha, tarehe, na kiasi kamili alichokiandika kwa mkono wake. Aliyewahi kupeleka ujumbe wa namna hiyo mahakamani hapa Mombasa aniambie: walikubali picha ya skrini, au walitaka simu yenyewe? Maana simu yangu kioo kimepasuka na nataka kuipeleka kwa fundi Jumatatu.