Kama kutaka mema nako ni kipawa, mkosaji anakemewa kwa nini?

Msomaji wa Mababa:
Ndugu zangu, katika ubishi wa mtawa Pelagius na Augustino, askofu wa Hippo, nimekwama mahali pamoja. Pelagius alishikilia kwamba Mungu haamuru lisilowezekana, na kwamba Adamu alituachia mfano mbaya tu. Augustino alifundisha kwamba tunazaliwa tukiwa tumefungwa na dhambi ya asili tuliyoirithi kwa Adamu, hata kutaka mema kukawa kipawa cha neema. Ikiwa ni hivyo, kwa haki gani mtu anakemewa kwa kukosa kitu ambacho hakupewa?

Mtafiti:
Swali lako aliulizwa Augustino mwenyewe, tena na watu waliomheshimu. Mnamo mwaka 426 au 427, watawa wa Hadrumetum, katika Tunisia ya leo, walisoma nakala ya barua aliyomwandikia padri Sixtus wa Roma, wakagawanyika. Augustino akawapelekea kitabu juu ya neema na hiari. Lakini akapata habari kwamba mmoja wao anasema wakuu wasimkemee ndugu aliyekosa bali wamwombee tu, akalazimika kuandika kingine. Humo anaeleza kwamba amri humwonyesha mtu anachopaswa kuwa nacho, karipio humwonyesha kwamba amekikosa kwa kosa lake mwenyewe, na sala humwonyesha kinakotoka. Kwake yeye, uchungu wa kukemewa ni mojawapo ya njia ambazo Mungu huzitumia kumgeuza mtu, kwa hiyo anayeacha kukemea kwa kisingizio cha neema anakikataa chombo cha neema hiyohiyo.

Mdadisi:
Jibu hilo ni zuri kwa mtawa mtu mzima, ila maneno «kosa lake mwenyewe» yamebeba mzigo mkubwa mno. Mtaguso wa Carthage wa mwaka 418 ulitamka kwamba watoto wachanga wanabatizwa kwa ondoleo la dhambi kwelikweli. Mtoto huyo amekosa nini mwenyewe? Askofu Julianus wa Eclanum, mtetezi wa upande wa Pelagius, alipiga hapohapo: Mungu anayewasamehe watu dhambi zao wenyewe atawahesabiaje wachanga dhambi ya mtu mwingine, yaani Adamu? Augustino alifariki mwaka 430 akiwa bado anamjibu, na kwa maoni yangu hakuwa amelifikia jibu la kuridhisha.

Mtafiti:
Nakubali kwamba hapo ndipo penye ugumu, ingawa Julianus naye hakueleza vyema kwa nini Kanisa liliwabatiza wachanga.

Mwanahistoria:
Msisahau Gallia ya kusini (Ufaransa ya leo), ambako mtawa Yohane Cassianus, aliyeishi Marseille, hakukubali kwamba hatua ya kwanza ya mtu kumgeukia Mungu daima ni ya upande mmoja. Paulo na Mathayo, alisema, walivutwa kabla ya kutaka; lakini Zakayo aliyepanda mkuyu na mwizi msalabani walionekana kuanza wenyewe. Mimi naona huo ndio usomaji wa Injili usiolazimisha maandiko. Hata hivyo, Sinodi ya Orange ya mwaka 529, chini ya askofu Kaisari wa Arles, ilikataa kwamba Mungu amemwandikia mtu yeyote uovu, kisha ikawataja mwizi na Zakayo, pamoja na akida Kornelio, na kusema kwamba imani yao haikutoka katika maumbile bali ilikuwa kipawa cha Mungu.