Naomba ushauri: kijiko kidogo cha tani 1.7 au 3.5 kwa ardhi ya Mwanza?

Wakuu, heshima kwenu. Nataka kununua kijiko kidogo (mashine ndogo ya kuchimbia) kilichotumika Japani, nikiendeshe mwenyewe kuchimba misingi, mashimo ya choo na mitaro ya mabomba, Buhongwa hadi Kisesa. Cha tani 1.7 kinapita vichochoroni, ila kwa matale yetu (miamba migumu) naona 3.5 ndicho kitakachobeba nyundo ya kuvunjia mawe bila kuyumba. Mnaonaje?

Kwenye ukaguzi nitanyanyua mkono na ndoo, nizime injini, nisubiri dakika 10 nione kama vinashuka vyenyewe. Nitatikisa ndoo kupima pini na bushi zilivyolika. Oili ya haidroliki ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, hiyo naiacha.

Kinachonisumbua zaidi ni minyororo ambayo mashine hutembelea. Ya mpira hukatwa na mawe makali, hasa mashine ikigeuka papo hapo. Ya chuma hudumu, lakini huchimbua lami ya watu. Nani ametumia ya mpira kwenye miteremko ya Igoma?

Halafu mpangilio wa leva hutofautiana kati ya mashine na mashine. Nianze VETA (chuo cha ufundi), au kwanza nikae na opereta mzoefu kwenye kiwanja kitupu?