Naomba ushauri: kwotabeki wa darasa la 11 Texas, bado hana ofa ya kuchezea chuo

Habari zenu wakuu, hasa mlio Marekani na watoto wanaocheza futiboli ya huko.

Kijana wangu ni kwotabeki (yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi), futi 6 na inchi 1, kilo 84. Mkono anao: pasi ya yadi 50 inafika bila kuelea. Tatizo ni miguu. Akibanwa anakimbilia nyuma, badala ya kupiga hatua moja mbele katikati ya wanaomkinga. GPA (wastani wa alama, juu kabisa ni 4.0) ya masomo ya msingi ni 3.1, na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, kwa Division I (daraja la juu) wanataka 2.3 kwa masomo 16, kwa hiyo darasani hatuna wasiwasi.

Video ya dakika 4 iko Hudl (mtandao wa video za wachezaji), barua pepe zimeenda kwa makocha wa vyuo 30. Wanaojibu wanatuma mwaliko wa kambi ya mazoezi chuoni kwao, tena ya kulipia! Namba hii ya kwotabeki ni ngumu. Vyuo vingi huchukua mmoja tu kwa mwaka, na siku hizi wanapenda aliyehamia kwao kutoka chuo kingine.

Juni aende kambi za vyuo vikubwa, au za Division II (daraja la pili) ambako kocha atamwona kwa karibu? Na video ianze na pasi ndefu, au zile alizorusha akiwa amebanwa?