Wikendi ya Sandkerwa, Bamberg: mliosoma Ujerumani, tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Niko Bavaria mwaka wa pili, nasoma shahada ya uzamili, kwetu ni Rombo. Tangu nifike, ukitaja sherehe za bia kila mtu anakwambia Munich. Agosti iliyopita wenzangu watatu wa hosteli wakanichukua hadi Bamberg kwenye Sandkerwa. Naweka yangu, nanyi mlete ya kwenu.

Kerwa, kwa lahaja ya huko, ni sikukuu ya kuwekwa wakfu kanisa. Hii ni ya kanisa la Mtakatifu Elisabeth, mtaa wa Sand, chini ya kilima cha kanisa kuu. Inasherehekewa tangu 1951, Alhamisi hadi Jumatatu.

Tulifika Jumamosi asubuhi na mapema kwa treni ya mkoa kutoka Nürnberg. Nawaomba sana, mkienda fikeni asubuhi. Jioni mtaa unajaa hadi unabebwa na watu. Asubuhi mawe bado yana umande, unauona mji wenyewe. Vita Kuu ya Pili haikuubomoa sana, na tangu 1993 mji mkongwe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Ukumbi wa zamani wa jiji umejengwa katikati ya mto Regnitz. Wenyeji wanasimulia kwamba askofu aliwanyima wananchi ardhi, wakapigilia magogo mtoni wakajenga humo humo. Ukuta wake umechorwa picha, na kuna malaika mmoja mtoto ambaye mguu wake umetokeza nje kabisa, mguu wa kuchongwa unaoning'inia hewani. Nilisimama hapo mpaka wenzangu wakarudi kunitafuta.

Sasa bia. Bamberg wana bia ya moshi, Rauchbier, kwa sababu kimea cha shayiri hukaushwa kwa moto wa kuni. Nilipoinusa tu nikarudi jikoni kwa bibi, penye nyama iliyotundikwa juu ya mafiga. Mzee niliyekaa naye benchi moja aliniona nimenyamaza, akauliza kama imenishinda. Kwa Kijerumani changu cha kuungaunga nikamweleza mbege: ulezi unaloweshwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, ndipo unachanganywa na ndizi zilizochemshwa zikachacha. Alipoelewa kwamba na sisi tunaotesha nafaka kwanza, alipiga meza kwa kiganja, akawaita wenzake wa meza ya pili, ikabidi nianze upya. Wakauliza nani anapika. Nikasema akina mama. Wakauliza inakaa siku ngapi. Nikasema hainunuliwi ya wiki, inanyweka ikiwa mbichi. Wakuu, miaka miwili nimeulizwa habari za simba na Kilimanjaro. Siku hiyo niliulizwa kazi ya mikono ya bibi yangu.

Jumapili msikose Fischerstechen: vijana wanasimama kwenye ncha za mashua mtoni, wanasukumana kwa miti mirefu mpaka mmoja aanguke majini. Glasi mnalipia amana, mkirudisha mnarudishiwa pesa.

Mdau, Unguja
Assalaam alaykum. Mie sinywi, na mara ya kwanza nilikataa kwenda nikidhani patakuwa hapanifai. Rafiki yangu akanishika mkono tukaenda mchana. Niliagiza Apfelschorle, juisi ya tufaha na maji ya gesi, imetiwa kwenye glasi kubwa kama za wenzangu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Chakula ndicho cha kuangalia, soseji nyingi ni nguruwe. Ulizeni bila haya: "Ist da Schweinefleisch drin?", yaani humu mna nyama ya nguruwe? Mie nilishiba lozi za kukaangwa na sukari. Harufu yake, wallahi, ni kashata za Forodhani. Na nunueni vyakula Jumamosi, Jumapili maduka yanafungwa.

Mdau, Nakuru
Mimi nilikuwa Erlangen, sherehe yao ni Bergkirchweih, tangu 1755, siku 12 wakati wa Pentekoste. Watu wanakunywa juu ya kilima, chini ya miti, kwa sababu ndani ya kilima kuna mahandaki yaliyochimbwa kuhifadhi bia ibaki baridi kabla ya friji kuwepo. Mkisimama mlangoni mwa handaki, baridi inawapiga usoni hata kukiwa na jua kali. Kikombe ni lita nzima, kwa hivyo mle kwanza. Langu ni la treni: Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, inafanya kazi kwa treni za mkoa, haifanyi kwa ICE, treni za mwendokasi. Nilirudi usiku nimechoka, nikaingia iliyokuwa mbele yangu, faini euro 60. Hiyo ilikuwa chakula changu cha wiki mbili.

Mdau, Mwanza
Kaka wa Rombo, kutoka Bamberg ungepanda treni kidogo tu ufike Coburg. Nilienda kwa ajili ya ngome ambayo Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, alikaa mwaka 1530. Natoka stesheni, natazama chini nisijikwae, kwenye mfuniko wa chuma wa mtaro kuna kichwa cha mtu mweusi. Hatua kumi, kingine. Ni Mtakatifu Maurice, msimamizi wa mji, yumo kwenye nembo yao. Wanazi walimwondoa 1934 wakaweka upanga na swastika, akarudishwa 1945. Mwaka 2020 wapo waliodai nembo ibadilishwe kwa jinsi uso ulivyochorwa, na wengine wakataka ibaki. Mimi sijaamua. Yupo pia juu ya paa la ukumbi wa jiji, ameshika fimbo, na wenyeji wanasema urefu wa fimbo hiyo ndio kipimo cha soseji zao, zinazochomwa uwanjani kwa moto wa koni za misonobari.

Nilimtumia mama picha ya ule mfuniko. Akajibu: "Huyo nani, na mbona wanamkanyaga?" Mliopita Coburg, mngemjibu nini?